Habari ya Baba Mkwe

Jumapili, Okolona

Na sasa mume wangu, Jonas, amelala, hasira zote zimekwisha.

Wazazi wake hupiga simu kutoka Ujerumani kila Jumapili tukitoka kanisani. Wanaongea Kijerumani, mimi naendelea na vyombo, halafu Jonas ananiambia, "Wazima, wanakusalimu." Leo mama yake aliomba nami nikae. Akasema kwa Kiingereza, polepole, ili nimwelewe: baba alifanyiwa upasuaji wa moyo wiki iliyopita. Hawakutaka mtoto aliye mbali akae na hofu.

"Mnaniambia mambo yakishapita," Jonas akasema, akatoka nje.

Nilimfuata. Nikamwambia jambo ambalo huwa silisemi: kaka yangu alifia kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi nikiwa tayari huku, na wazazi wangu walinificha mpaka msiba ukaisha.

"Mimi nilipoambiwa, alikuwa tayari kaburini. Wewe baba yako yuko kwenye simu. Ingia uongee naye."

Aliingia. Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba, lakini aliilalamikia supu ya hospitali mpaka Jonas akacheka.

Bado naogopa. Umri ule, na moyo wenyewe...

Kabla ya kukata simu, mama mkwe aliniita. "Eliza, siku nyingine tutakupigia wewe kwanza. Wewe utajua namna ya kumwambia."

Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kupelekewa salamu. Asante, Mungu, kwa baba aliyepona, na kwa kuwa leo nimehesabiwa mtu wa nyumbani.