Shangazi Alianza Kuimba Kabla Sijamaliza

Mama Mereana wa gazetini, nakuandikia kwa siri, mke wangu asijue, maana yeye ameshacheka vya kutosha na mimi bado naumia.

Mimi ni mnyoaji wa kondoo huku pwani ya mashariki, Mmaori wa kuzaliwa, na mwanangu Manaaki anasoma shule ya wavulana mjini, shule nzuri ila mambo yao mapya siyaelewi, maana kila asubuhi wanakaa duara na kila mvulana anasema moyo wake ukoje leo, ndipo waende kwenye hesabu, na wiki hiyo walikuwa wanasherehekea utamaduni wetu, nyimbo, kuchonga, lugha, hayo sina neno nayo, wazazi tukaalikwa, na kwa kuwa mjomba Paratene ambaye ndiye msemaji wetu alikuwa msibani, wakanisukuma mimi nihutubie kwa niaba ya wageni.

Nikahutubia, Mama. Nikawaambia wavulana wale kwamba sisi hatukulelewa kwa maduara, kwamba baba yangu alipofariki nilirudi bandani kunyoa hata udongo wa kaburi haujakauka, kwamba mwanamume ni kukaza roho, kisha, sijui nini kilinituma, nikasema hata huyu wangu aliyekaa hapo alilia wiki nzima mbwa wetu alipokufa. Wavulana wakacheka. Nikaona nimepamba moto, nikarudi kwa marehemu baba, nataka kueleza alivyokuwa akininolea mkasi wangu wa kwanza, hapo koo likanikauka, vumbi tu la uwanja, nikanyamaza kidogo kutafuta neno, na katika kunyamaza huko shangazi yangu Huhana akasimama nyuma yangu na kuanza wimbo.

Wewe unajua, Mama. Wimbo huja hotuba ikiisha. Akina mama wakikuanzishia wimbo ungali unasema, maana yake umewachosha, kaa chini. Na hilo si kitu, shangazi alishamkatiza hata mbunge. Kilichoniuma ni Manaaki. Alikuwa upande wa wenyeji na wanafunzi wenzake, akainuka, akavuka uwanja mzima, akaja kusimama nyuma yangu pamoja na shangazi, akaimba kwa sauti kuliko wote. Mwanangu wa kumzaa ananinyamazisha hadharani! Nami nikabaki nachezesha mdomo, maana maneno ya wimbo ule siyajui, na hilo tafadhali libaki kati yetu.

Kwenye chai nikamvaa shangazi. "Mbona umenikata kauli?"

"Rawiri, kula mkate wako."

"Lakini Shangazi, nilikuwa sijamaliza!"

"Ulikuwa umemaliza, baba. Ila wewe ndiye uliyekuwa hujajua."

Garini nikamwambia Manaaki kwamba amenivua nguo mbele za watu. Akasema, "Wewe ndiye uliyeanza," akageukia dirishani, na tangu siku hiyo tunazungumza kupitia mama yake. Sasa Ijumaa yeye ndiye atakayehutubia wageni shuleni, mara yake ya kwanza, amemwomba shangazi amwimbie na mimi hajaniambia kitu. Niende, au nibaki na kondoo wangu?

Aliyekatwa Kauli

MAMA MEREANA ANAJIBU:

Wewe Uliyekatwa Kauli, unaficha jina halafu unaniandikia "Rawiri, kula mkate wako"? Na nani pwani hii asiyemjua Huhana? Mkeo ameshaisoma hii, mwanangu. Anaendelea kucheka.

Tuanze na vumbi. Umenyoa kondoo maisha yako yote, ndani ya mabanda yaliyojaa manyoya na mavi mpaka puani, na koo halikuwahi kukusumbua. Siku moja tu, kwenye nyasi za shule zilizofyekwa vizuri, ukimtaja baba aliyekunolea mkasi, ndipo vumbi likakuingia. Vumbi gani hilo, baba?

Ulikuwa unataka kulia. Na shangazi yako, aliyekuwa nyuma yako, aliyaona mabega yako yakiinama. Angetaka kukukatiza, angekukatiza uliposema habari ya mbwa, na mimi ningekuwepo ningemsaidia. Hakufanya hivyo. Alisubiri mpaka ukanyamaza, ndipo akaimba, ili watu wamsikie yeye wasikusikie wewe.

Sasa huyo mtoto. Ulimtolea siri yake mbele ya shule nzima, wenzake wakamcheka. Angeweza kukaa pale pale akatazama viatu vyake, wala nisingemlaumu. Badala yake aliwaacha wanaomcheka, akavuka uwanja macho yote yakiwa kwake, akaja kusimama nyuma ya mtu aliyemwaibisha. Kwetu sisi mtu husimama nyuma ya msemaji kufanya nini? Usinifanye nikufundishe mila yako mwenyewe kwenye gazeti. Mtoto alikuja kukufunika, wewe unasema amekuvua nguo!

Na kumtambua mtu mzima aliyezidiwa hakujifunza kwako. Amejifunza kwenye yale maduara unayoyabeza.

Kwa hiyo nisikilize. Habari ya mbwa uiombee radhi, kwa maneno machache, na neno "lakini" lisikutoke. Ijumaa utaenda, kondoo watakusubiri na manyoya yao. Usikae mbele na wakubwa, kaa karibu na Huhana, na mwanao akimaliza kusema wewe uwe wa kwanza kusimama. Akikwama katikati, simama vilevile, usimwachie shangazi kazi yako.

Na kuhusu kuchezesha mdomo, siri hiyo tunayo wote tangu harusi yako. Leo jioni mkiosha vyombo, mwambie Manaaki akufundishe maneno ya ule wimbo. Atakucheka, mwache acheke. Na vumbi likikurudia katikati ya wimbo, usigeuze uso. Mtoto ameshaliona.