Anaitikia au Haitikii

3 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Na wewe je, unakula? Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Basi leo nagombana kwa maandishi.

Bwana Mkubwa amefika salama kwenye kapu lake kutoka hospitalini kwenu. Mmemlaza mara kumi chini ya mashine yenu ya mionzi, mmemnyoa shavu, na bado anapiga chafya na kukoroma kama mlevi. Nilikuuliza swali moja tu: paka wangu atapona au hatapona? Ukanijibu asilimia. Asilimia nimezifundisha mpaka nikastaafu, na ninajua anayezikimbilia hana jibu. Nyumba hii tumebaki wawili, mimi na yeye. Nijibu.

Mama yako

11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeipokea na viboko vyake. Ninakula, usiwe na wasiwasi. Pole na magoti.

Ni kweli, jibu sina. Paka wawili wanaletwa hapa hospitali ya wanyama wakiwa na saratani ya pua ileile, wanapewa mionzi ileile. Mmoja uvimbe unasinyaa, wa pili unaendelea kukua. Mimi natafuta namna ya kuwatambua mapema, ili nisimtese huyo wa pili bure. Nimefuatilia paka thelathini na wanane. Kila nikidhani nimeshika kanuni, anatokea mmoja anaivunja. Nimechoka, mama.

Nisaidie jambo moja. Kila baada ya wiki mbili niandikie: anaitikia au haitikii. Asipoitikia nitamfuata mwenyewe, apigwe picha ya ndani ya pua tubadilishe tiba kabla uvimbe haujafika kwenye jicho. Nimeshamwekea nafasi ya picha tarehe kumi na nne Aprili.

Binti yako

25 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Anaitikia vizuri sana, tena haraka kuliko mwezi uliopita. Haya, jibu fupi umelipata, usiseme mama ana maneno mengi.

Mama yako

6 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo, na leo nakuamkia nikicheka peke yangu ofisini! Nilikuwa nimemtabiria mabaya Bwana Mkubwa, sikutaka kukwambia. Nimefurahi kukosea. Nimemwingiza kwenye orodha ya walioitikia, na ile nafasi yake ya picha nimempa paka mwingine aliye taabani.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Bado anaitikia. Pua moja inatoa damu, jicho la kushoto limevimba mpaka halifungiki, na tangu juzi hagusi chakula. Lakini nikimwita tu, anainua kichwa na kuja, hata kwa kuyumba. Nimeita mahudhurio darasani miaka thelathini na moja, kuitikia nakujua. Sasa niambie, mbona anaitikia na bado anakonda?

Mama yako

27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo, na nimeisoma nimesimama.

Mimi niliuliza kuhusu uvimbe, wewe ukanijibu kuhusu paka. Nilitaka kujua kama uvimbe unaitikia mionzi, yaani unapungua. Nimekasirika kiasi kwamba nimevunja kikombe, na sijui nimkasirikie nani kama si mimi. Nina shahada mbili na nimeshindwa kumuuliza mama yangu swali likaeleweka.

Uvimbe umefika kwenye jicho. Hatapona, mama. Ningemfuata, lakini safari itamtesa bure. Simu yako haipatikani, basi mpeleke kwa daktari wa mifugo wa hapo siku hiyohiyo utakayopata barua hii, usisubiri.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Bwana Mkubwa hayupo tena. Nilimshika mwenyewe.

Daktari wa hapa ni kijana mwenye koti lililokatika vifungo. Nilimuuliza kama sindano itamuuma. Akasema, "Hapana mama, atalala tu." Basi, hakuongeza neno. Nilimshukuru kuliko nilivyowahi kukushukuru wewe, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikusomesha mimi, lakini neno la kueleweka nimelipata kwa mtu baki.

Dawa zilizobaki nakurudishia kwenye furushi hili, wapo paka wengine. Usiniandikie kwanza. Nikipoa nitaandika mimi.

Mama yako

2 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Najua ulinikataza. Nimevumilia karibu miezi minne, nimeshindwa.

Mkuu wangu alitaka nimtoe Bwana Mkubwa kwenye utafiti, eti taarifa zake zimeharibika. Nilikataa, tukafokeana mbele ya watu. Nimemwandika kwa wasioitikia, namba thelathini na tisa, na pembeni nimeeleza kwamba aliyekosea ni mimi, daktari wake. Fomu wanayojaza wenye paka nimeiandika upya. Sasa nauliza: anakula? Pua inatoa nini? Jicho likoje? Wiki hii mzee mmoja amejaza kila mstari, tukamuwahi paka wake.

Bado siwezi kutabiri, mama. Jana nimekosea tena.

Kila posta inapoletwa naacha kazi na kwenda kuangalia. Mama, umepoa?

Binti yako