Insha ya Ruguru

Siakago,
Jumanne.

Wajina wangu mpendwa Ruguru,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na vumbi. U mzima? Watoto je, na majani chai baada ya ile baridi? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu jana situlii. Barua hii nimeianza mara nne.

Jana darasani nilifundisha neno "mwerevu". Nikaeleza kwamba ni mtu anayeng'amua jambo upesi, hata kabla ya kuelezwa, kisha nikataka kila mtoto amtaje anayemjua. Kiende, msichana wa dawati la mbele, akasema ni mimi, na darasa zima likaitikia. Nikaweka chaki chini, nikatoka, nikazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mama alikuwa amenipigia simu asubuhi. Alisema wakulima wa kituo cha kuuzia majani chai wanakuomba uwe katibu wao nawe umekataa, eti mwerevu wa ukoo yuko Siakago, wewe ni wa kuchuma tu. Jumamosi watamchagua mwingine. Wajina, maneno hayo yamenichoma.

Unajua baba zetu walitupa sote jina la nyanya, kama desturi inavyotaka. Unakumbuka darasa la nane, insha iliposomwa gwarideni? Hukuwepo, ulibaki kumuuguza nyanya. Mwalimu Salesio, ambaye alikuwa mgeni, alishika karatasi iliyoandikwa Ruguru tu, akaita Ruguru. Nikaenda mbele. Akasema hajawahi kuona mtoto mwerevu hivyo. Kwa sababu ya insha hiyo kanisa likanipeleka shule ya bweni, nawe ukanibebea sanduku hadi barabarani.

Ruguru, insha ile ilikuwa yako. Niliitambua tangu sentensi ya kwanza, ile ya nyanya kunusa mvua kabla haijavuka msitu. Nilinyamaza kwa kuwa makofi yalikuwa matamu. Miaka kumi na tisa nimenyamaza, na naona aibu.

Kwa simu nilishindwa kusema. Nampa barua hii Nyamu wa duka la mbegu, anasafiri kuja huko kesho. Karatasi yako niliihifadhi, imo ndani ya bahasha, mwandiko utautambua. Ijumaa nitakuja kumweleza Mama na mchungaji mimi mwenyewe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini kwanza nenda ukubali ukatibu.

Nisalimie watoto, na unisamehe ukiweza.

Ni mimi,
yule Ruguru mwingine.