Si Baba Anayekukatia Simu

Dukani kwangu, chumba cha mashine
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Hujambo wewe, na wifi yangu je? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila likishapata moto anatuamrisha wote kama kawaida.

Nimepata ujumbe wako kwamba hupigi tena kwa sababu Baba anakukatia. Nilikasirika, kisha nikakuonea huruma. Sasa tulia usome, maana jambo lenyewe silo.

Ukipiga kwenye kompyuta yangu ya dukani, Mama anaongea, mimi naongea, hakuna shida. Baba akishika zamu tu, kwako kimya. Huku kwetu kioo kinageuka bluu, kinatema maandishi meupe, kisha mashine inajizima na kujiwasha upya. Nilidhani ni joto, nikaiwekea feni. Nikafuta programu ya kupigia, nikaiweka tena. Haikusaidia kitu.

Aliyenifungua macho ni fundi wetu, yule tunayemwita Polepole. Alinieleza kuwa programu ya kawaida ikikosea hujifunga yenyewe tu. Ikiangusha kompyuta nzima, kuna kitu cha chini zaidi ilichokigusa, mara nyingi kiendeshi, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha mashine kutumia kifaa fulani. Akauliza Baba akikaa anagusa nini.

Hapo nikakumbuka. Anachomeka zile hedifoni ulizomtumia. Misumeno ya karakana yake imemmaliza masikio, bila hizo hasikii. Tulizichomeka, nikafungua wimbo kwa programu nyingine kabisa: bluu. Tulipozichomoa, wimbo ukaenda mpaka mwisho. Kumbe kiendeshi kilichokuja nazo ndicho kibovu. Polepole amekiondoa, ameweka kipya cha watengenezaji wenyewe, na tangu hapo haijaanguka, ingawa nimeitesa makusudi.

Nilikuwa nimemshauri Baba atumie spika ya dukani. Akakataa kata kata, eti hedifoni ni za mwanawe.

Najua ulipoiacha karakana alikutolea maneno makali. Lakini kukukatia, hapana. Tena yeye aliamini wewe ndiye unayemkatia ukiona uso wake. Kila mara alipiga pasi shati, akakaa, kioo kikageuka bluu, akarudi nyumbani. Mimi nahangaika na mashine, wala sikumtazama. Iliniuma sana aliponiambia.

Shangazi Mcheshi anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mjomba dereva naye anakusalimu. Mungu awape afya na riziki, wewe na wifi yangu.

Nakutumia hii kwa barua pepe ili uipate leo leo. Nimemweleza Baba yote. Na hapa ninapoandika amekaa nyuma yangu na shati lake la pasi, hedifoni kichwani, na wala hakuna aliyepiga.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Mama Mashine