Duara la Penseli Ukutani

Baba,

Shikamoo. Leo sisubiri marahaba, nimekuja na ugomvi.

Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, hatua moja kutoka kaburini kwako, nimeegemea ukuta wa bafu. Mama yuko jikoni anapuliza kuni. Hajanisemesha tangu juzi, kwa sababu regulata, kile kichwa cha mtungi wa gesi ya ile hita ya maji ya kuoga, iko kwenye mkoba wangu na nimekataa kuirudisha.

Hita unaikumbuka, ndiyo kazi yako ya mwisho. Magoti ya Mama yalikuwa yamechoka kuinamia mafiga kuchemsha maji ya kuoga, ukashuka Arusha mjini ukarudi nayo umeikumbatia, ukaifunga bafuni siku hiyo hiyo. Kisha ukachora duara kwa penseli ukutani ukaniambia, "Ndeshi, bomba la moshi litapita hapa. Wiki ijayo." Wewe uliyewafungia watu mabomba kuanzia Kikatiti hadi mjini! Kwa wengine ulikwenda leo, kwako kila kitu kilikuwa wiki ijayo. Kinyozi hajinyoi. Wiki hiyo ilipofika, presha ikakuangusha, tukakuzika.

Na tukakuzika hapa. Ulikuwa umesema usipelekwe mbali na nyumba, basi Baba Mkubwa na wazee wakachagua mahali penye kivuli cha migomba. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Niliona kabisa kwamba wanachimba palepale duara lako litakapotokea upande wa nje. Nikanyamaza. Mtoto wa kike angewaambia nini wazee, watu wameshashika majembe? Kwamba marehemu asogezwe kwa ajili ya bomba? Nilinyamaza, Baba, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakati wa joto haikuwa na neno, Mama alioga dirisha likiwa wazi. Kisha baridi ya mlima ikashuka. Akafunga dirisha, na matundu ya hewa akayaziba kwa vipande vya kanga. Jumapili asubuhi alikawia kutoka. Nilisukuma mlango mpaka komeo likaachia, nikamkuta amekaa sakafuni, maji yanamwagika, ananitazama kama hanijui. Nilimburuta hadi uani. Alipopata hewa akili ikamrudia, hospitali akakataa kwenda, akasema ni presha tu. Si presha. Ni ile hewa ya jiko la mkaa, isiyo na harufu, inayolaza watu wasiamke. Wewe uliyenifundisha ufundi ndiye uliyenifundisha kuiogopa.

Nimelizunguka bafu hili mpaka nimechoka. Juu ulimwaga zege libebe tangi la maji, nikilitoboa naliharibu. Ukuta wa kulia ni chumba cha Mama, wa kushoto ni chumba cha wageni, wa mlango ni korido. Huko kote nitakuwa nimeihamisha sumu tu. Nikasema basi niitoe hita yenyewe niitundike nje. Lakini ukuta wa nje ni huu huu mmoja. Mama akaniuliza, "Umtundikie mume wangu jiko kichwani?" Limebaki duara lako. Hita ina feni ndogo, inataka bomba fupi, tena lilale kidogo kuelekea nje ili mvua isirudi ndani. Yaani liinamie kaburi. Nilipomweleza hivyo, Mama alilia. "Hutampulizia baba yako moshi nikiwa hai." Hata mimi moyo ulikataa.

Nimebanwa, Baba. Nikirudisha regulata, nitamuua. Nikiondoka nayo kwenda kwenye chumba changu cha Kaloleni, mjini, ataita fundi yeyote amfungie nyingine, na huyo hatauliza bomba liko wapi. Baba Mkubwa nilimfuata, akaniambia nisubiri ukoo ukae. Ukoo ukae! Mama anaoga kila siku.

Leo asubuhi nilimwona ameinama kwenye mafiga, mkono mmoja kwenye goti, macho mekundu, anakohoa. Nikashikwa na hasira, sijui na nani, labda na wewe. Sote tunakulinda wewe na moshi, na anayeuvuta ni yeye. Nisamehe nikisema, lakini wewe huvuti tena pumzi, Baba. Mama anavuta.

Drili iko hapa miguuni pangu, bomba nimeshalikata. Nikimaliza kuandika nitaingia jikoni, nimshike Mama mkono nimlete hapa, nimsomee barua hii mbele yako. Akikubali nitashukuru. Asipokubali nitatoboa hivyo hivyo, katikati ya duara lako, na aninunie mpaka Krismasi. Siku ile ya majembe nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Nakuahidi haya: vile vitambaa vya kanga nitavitoa leo, na matundu hayatazibwa tena. Na kila Jumamosi nitapanda kutoka mjini nilifute jiwe lako, lisiwe na alama hata moja ya moshi. Mchoro wa penseli utakaobaki pembeni ya bomba sitaupaka rangi.

Pumzika, Baba. Ukisikia joto likipita juu yako asubuhi, usishtuke. Ni Mama anaoga.

Binti yako na fundi wako,
Ndeshi