Korongo wa Viwandani

Mpanda,
14 Agosti 2025

Kwako kaka Nkwabi,

Mwangaluka, kaka. Nakusalimu wewe, shemeji, watoto na mama yetu hapo Majimoto. Natumaini ng'ombe wamepata malisho na goti la mama limepoa tangu aanze ile dawa ya kuchua. Mimi mwilini sina ugonjwa. Barua hii anakuletea Gideon, fundi wangu wa kuwamba ngozi, maana simu sinayo kwa sasa. Isome peke yako kwanza, ndipo uamue mama umweleze vipi.

Hujawahi kufika huku Viwandani, kwa hiyo acha nikueleze. Ni safu mbili za mabanda ya bati upande wa Kasokola, na nyuma yetu ni uzio wa kambi ya ndege za jeshi. Hakuna anayeruhusiwa kulala pale. Hakuna nyumba, hakuna mtoto, hata kuku hakuna. Saa kumi na mbili jioni mlinzi anafunga geti, kila mtu anarudi kwake mjini. Ndege zikiruka bati zote zinatetemeka, na kama unagombana na mtu inabidi umalizie matusi kwa mikono.

Niliyekuwa nagombana naye unamjua kwa jina: Dieudonne, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Miaka mitatu hatukusalimiana. Pumba zake zilikuwa zinapeperuka na kunasa kwenye ngozi zangu mbichi, na nikimwambia ananijibu kwamba ngozi zangu zinawafanya wateja wake wazibe pua. Siku moja nilimwaga ndoo ya maji ya chumvi kwenye viroba vyake. Yeye akawa anasubiri siku za upepo ndipo awashe mashine.

Mwaka jana mwishoni akaenda kunishtaki jeshini. Aliwaambia kwamba mabaki ya nyama tunayokwangua kwenye ngozi yanavuta korongo na mwewe, na kwamba iko siku mmoja ataingia kwenye injini. Meja wa kambi akaja na askari wawili, akatukusanya wote, akaamuru kisionekane kipande cha nyama nje. Mimi niwe napeleka mabaki yangu kwenye shimo la taka la mji, kilomita tisa, kila siku. Akaniuliza mbele za watu kama nimeelewa, mara mbili, kama mtoto wa chekechea. Dieudonne alikuwa anatabasamu. Nilipokupigia kukuhadithia, ulisema Msukuma hawezi kuaibishwa na mkimbizi. Nililipenda neno lako, kaka. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Dieudonne si mkimbizi. Kazaliwa hapa hapa nchini, kwenye makazi ya Warundi ya Katumba, ana cheti chake cha uraia. Mimi nilijua, na wewe ulijua.

Jumatatu ya tarehe 23 Juni, asubuhi, ndege moja ilikuwa ndiyo kwanza inanyanyuka ilipogonga korongo. Tulisikia mlio kama gunia la mawe limedondoka juu ya bati, kisha ukimya. Ilirudi chini kwa tumbo, ikaburuzika kwenye majani. Rubani ni kijana wa Sumbawanga anayeitwa Danford. Alitoka mzima, lakini kioo kilimtoboa jicho la kulia. Hatarusha ndege tena.

Askari hawakuhangaika sana. Walifuata korongo wanatua wapi, wakafika kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine ya Dieudonne. Walipochimbua wakakuta nyama imeoza humo ndani. Wakamchukua siku hiyohiyo na mashine ikafungwa kwa lakiri. Vibarua wake kumi na mmoja wakabaki wamekaa getini. Kabla ya jua kuzama bodaboda wote wa mjini walikuwa wanasema Mrundi anataka kuangusha ndege zetu, na mtu akaandika kwa mkaa kwenye mlango wake: RUDI KWENU. Wewe ulinipigia unacheka. Ulisema Mungu kanilipia, niliombe lile banda kabla hawajaniwahi wengine.

Waliponiita kutoa maelezo, nilisema niliwaona vibarua wake wakichinja mbuzi na kutupa matumbo pale. Nikasaini.

Wiki ya pili ya Julai, Emelyne, mke wake, aliingia bandani kwangu. Alikuwa na kile cheti ndani ya nailoni. Hakukaa, wala sikumkaribisha. Alisema, "Malale, sikupendi, na mume wangu hakupendi. Lakini huku halali mtu, shahidi ni wewe tu. Na unajua Jumapili sisi wote tuko kanisani."

Nilimwambia atoke, ananichafulia ngozi. Akanitazama kidogo, akatoka.

Kaka, alikuwa anajua. Ni mimi. Tangu Februari, kila Jumapili wakiwa kanisani na mashine imenyamaza, nilibeba pipa la mabaki nikaenda kuyafukia kwenye lundo lake kwa koleo. Nilitaka Meja ayakute, amuulize na yeye mbele za watu kama ameelewa. Ningependa kukwambia kwamba sikuifikiria ndege. Niliifikiria. Niliona korongo wanavyoongezeka, nikasema moyoni jeshi lina macho yake.

Jicho la yule kijana lilinishinda. Tarehe 4 mwezi huu nilikwenda kwa Meja, nikamwambia yote, pamoja na uongo niliosaini. Alinikabidhi polisi, na hapo ndipo ninapoandikia. Dieudonne ameachiwa baada ya wiki sita. Tulikutana kwenye korido, nikampa mkono. Aliuangalia tu. Akasema wiki zote sita wamemuuliza baba yake alizaliwa wapi, hakuna hata mmoja aliyemuuliza Jumapili yeye alikuwa wapi. Akaenda zake.

Kesi yangu inatajwa tarehe 28. Nakuomba usije na wazee kutafuta suluhu, wala usiseme nilisingiziwa. Na lile neno lako la mkimbizi, usilitamke tena watoto wakisikia.

Nisalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Mama mwambie mapema, kabla hajasikia kwa watu wa mabasi. Akiuliza kama kuna aliyenituma, mwambie hapana. Ulinichochea, kaka, lakini koleo nilishika mimi.

Mdogo wako,
Malale