Futi ya Baba

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko, na mgongo wako? Sisi wazima. Baba anakula vizuri na miguu ina nguvu, tena kupita kiasi, maana juzi nilimkuta njia panda na futi yake ya ufundi cherehani shingoni, anakwenda kumpima mteja aliyefariki zamani.

Nimejiunga na kikundi cha wanaouguza wazazi wenye ugonjwa wa kusahau. Tunakutana kila Jumanne ukumbini pale zahanati. Baba anabaki chumba cha pili na muuguzi, anafumua mishono ya mapazia mabovu, ameridhika. Mimi nacheka na wenzangu. Nilikuwa nimesahau kucheka, na mgonjwa si mimi.

Muuguzi ameniambia wazi kwamba goti langu lisipopasuliwa mwezi wa tano, nitakuwa wa kubebwa. Nahitaji wiki tatu. Likizo unayo. Njoo ukae na baba.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo haujambo, pole na goti. Barua yako imenichukiza kidogo. Tangu lini baba yetu akaangaliwa na watu baki?

Na kuja naogopa, nikuambie ukweli. Siku ile kwenye simu alimuulizia mama, nikamkumbusha kwamba alishafariki. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Siwezi kumliza tena. Tafuta mtu mwingine.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nuna, ukimaliza kununa soma.

Hata mimi nilikuwa nikimsahihisha baba kutwa, tunashinda tukigombana. Hao watu baki ndio walionifundisha. Akimuulizia mama, muulize alikuwa akimshonea nini. Atasimulia mpaka chai ipoe.

Karatasi ya maelekezo imo humu. Shati liwe la vifungo. Redio izimwe akila. Akihangaika, mpe futi. Jumanne mpeleke zahanati, na wewe ukae kikundini. Kiti changu ni kile cha dirishani.

Nimepewa kitanda hospitali tarehe kumi Mei. Nakungoja tarehe nane. Sikuombi, nakuagiza.

Dada yako

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Goti linasemaje? Baba mzima, amekula, redio nimezima.

Siku uliyoondoka nilikosea yote. Nilimwambia mara tatu, "Baba, ni mimi mwanao," naye akazidi kukasirika, akanifukuza dukani kwake, yaani sebuleni. Nikaenda jikoni nikasoma karatasi yako upya. Nikarudi na futi, nikasema nataka kushonewa shati.

Akanipima taratibu. Mkono wa kushoto akaupima mara mbili. "Huu mfupi kidogo," akasema. "Mwanangu naye yuko hivi, utotoni alianguka kutoka kwenye meza yangu ya kukatia, akavunjika. Kijana mzuri. Yuko mbali, hana nafasi."

Dada, nilikumbuka barua yako. Sikumsahihisha. Nikamuuliza huwa anamshonea vipi.

"Mkono ule naupunguza kidogo," akasema. "Sijamwambia. Asije akajiona ana kasoro."

Kumbe ndiyo maana mashati ya kununua hayajawahi kunikaa.

Jumanne nilikaa kwenye kiti chako cha dirishani, nikawasimulia watu baki wote, nikalia mbele yao bila aibu. Nimeomba likizo iongezwe. Usirudi mpaka goti likunjike. Baba anashona shati langu kwa mkono, na bado hajafika kwenye mikono.

Mdogo wako